Tuanze na Mlingoti: Utangulizi wa Elimu ya Bendera

Muulize mtoto wa darasa la nne wa Tanzania bendera ya taifa lake ina maana gani, atakujibu hujamaliza hata swali: kijani ni uoto wa nchi, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Mwenzake wa Kenya naye yuko tayari: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Mwalimu atawapa vema wote wawili. Kitabu hiki kinamkaribisha msomaji ambaye vema hiyo aliipata zamani na bado anahisi kwamba hajaelezwa kitu.

Uchunguzi wa bendera una jina lake la kitaaluma, veksilolojia, na kwa umri ni taaluma changa. Aliyeipa jina ni Mmarekani Whitney Smith, aliyekuwa angali kijana mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 alianzisha jarida la bendera, mwaka 1965 ukafanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa huko Muiderberg, Uholanzi, na mwaka uliofuata Guyana ilipojitawala ikapandisha bendera aliyoichora yeye. Tunamshukuru. Lakini yeye na wenzake walikuwa kwanza kabisa wakusanyaji: walipima vipimo, walipanga rangi, walirekodi tarehe, wakaziweka bendera za dunia katika vitabu vikubwa vya picha. Katika vitabu hivyo kila bendera imenyooshwa kama shuka iliyopigwa pasi. Hakuna upepo, hakuna kamba, hakuna aliyeishika. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki upungufu huo ni mkubwa, kwa sababu historia yetu ya bendera imeandikwa zaidi kwenye kamba na mlingoti kuliko kwenye kitambaa. Nani alipandisha? Kwa ruhusa ya nani? Juu ya jengo la nani, na pembeni ya bendera ipi? Msomaji atakayeuliza maswali haya kabla ya kuuliza habari za rangi ameshaingia ndani ya taaluma hii. Avue viatu, akae.

Hata hivyo, rangi tusizipuuze moja kwa moja, maana nazo zina asili yake, na asili hiyo haimo katika jibu la darasani. Bendera nyingi za uhuru katika eneo letu ni bendera za vyama zilizopandishwa cheo. TANU ilitumia kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bendera yake ilikuwa ya kijani yenye utepe mweusi katikati, na mistari ya dhahabu juu na chini ya utepe huo. KANU ilikuwa na nyeusi, nyekundu na kijani. Kenya ikazichukua hizo hizo Desemba 1963, ikaongeza mistari miembamba ya nyeupe pamoja na ngao na mikuki. Zanzibar ya Mapinduzi ilichukua bluu, nyeusi na kijani za Afro-Shirazi. Muungano ulipofungwa Aprili 1964, kazi ya mchoraji ilikuwa ni kuilaza ile ya Bara na ile ya Visiwani kimshazari katika kitambaa kimoja, ndiyo maana bendera ya Tanzania ina mstari unaopanda kutoka kona hadi kona, jambo lisilo la kawaida sana duniani.

Uganda ndiyo inayofundisha zaidi. Chini ya serikali ya chama cha DP, mchoro wa bendera ulikuwa tayari. Uchaguzi wa Aprili 1962 ukaipa UPC ushindi, mchoro ule ukatupwa, na nchi ikaingia katika uhuru wa tarehe 9 Oktoba na mistari ya nyeusi, manjano na nyekundu. Kilichosalia kutoka mchoro mmoja hadi mwingine ni ndege, yule korongo mwenye taji. Na korongo huyo hakuwa mgeni: alikuwa nembo ya serikali ya kikoloni ya Uganda kabla hata vyama hivyo havijazaliwa. Kongo nayo ina kisa kama hicho. Nyota ya dhahabu juu ya bluu ilipandishwa na watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kuanzia mwaka 1877, ikawa bendera ya nchi aliyoimiliki yeye kama shamba lake, ikaendelea chini ya Ubelgiji. Na mwaka 1960 Kongo huru ikaibakisha ile nyota kubwa, ikiiongezea sita ndogo kwa ajili ya majimbo. Mobutu aliiondoa mwaka 1971 akaleta mwenge juu ya kijani, lakini bendera ya mwaka 2006 inayopepea leo ina nyota tena. Yaani wino wa mkoloni haufutiki kirahisi, na pengine aliyeurithi hakutaka kuufuta. Maelezo ya rangi huandikwa baadaye, wakati kitambaa kimeshakuwa juu na watoto wanahitaji jambo la kujibu.

Sasa twende kwenye mlingoti wenyewe. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila idhini ya Waingereza, ambao walikuwa wamejitwalia haki ya kukubali au kukataa mrithi. Amri aliyopelekewa ilikuwa fupi: ifikapo saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kuondoka. Ukiisoma amri hiyo kwa makini utaona mpangilio wake. Bendera imetajwa kama kitendo cha kwanza cha kusalimu amri, na kitendo ambacho manowari zilizotia nanga mbele ya mji zingeweza kukiona kwa darubini. Khalid hakushusha. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kabla ya saa nne kasri lilikuwa linawaka moto, mamia ya watu wa Khalid wamekufa au kujeruhiwa, na bendera imekatwa kwa risasi. Hapo ndipo mizinga iliponyamaza. Vitabu vya mambo ya ajabu hupenda kuiita vita fupi kuliko zote duniani, kwa mzaha ambao mimi siufurahii. Kwa mwanafunzi wa bendera jambo zito ni kwamba hii ni vita iliyoanza kwa bendera kutoshuka na ikakoma kwa bendera kuanguka, na mshindi hakupandisha yake mahali pale. Alimweka Hamoud bin Mohammed, na bendera nyekundu ikarudi juu. Uingereza haikuhitaji mlingoti ule. Ilihitaji kuwa ndiyo inayoamua nani ashike kamba.

Wajerumani miaka minane kabla hawakuwa na subira hiyo. Mkataba wa Aprili 1888 kati ya Sultani Khalifa na kampuni yao ya Afrika Mashariki uliiruhusu kampuni kuendesha forodha na utawala wa pwani kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Agosti ilipofika, mawakala wa kampuni walitaka bendera ya kampuni nayo iwe juu. Pangani na Bagamoyo mabishano ya nani apeperushe nini, na wapi, yaligeuka kuwa matumizi ya nguvu ya askari wa manowari, na kwa wiki chache pwani yote ikawaka katika vita tunavyovijua kwa jina la Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Sababu za vita hivyo ni nyingi: ushuru, ardhi, biashara ya msafara, dharau. Lakini dharau huwa haina umbo mpaka ipate kitu cha kuonekana, na mwaka ule umbo lake lilikuwa kitambaa cha pili juu ya mlingoti.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma hii, na ambacho sura nzima ya kitabu imepewa, ni cha Mwambao wa Kenya. Kwa makubaliano ya Desemba 1895, Uingereza ilikodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, ikawa inalipa kodi kila mwaka. Ardhi ikabaki ya Sultani kwa jina, utawala ukawa wa Mwingereza kwa vitendo, na bendera nyekundu ikabaki inapepea juu ya Fort Jesus. Ndani ya ngome hiyo hiyo, kuanzia mwaka huo wa 1895 hadi mwaka 1958, palikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Fikiria hali hiyo: juu bendera ya Sultani aliyeko Unguja, chini mahabusu wa Mwingereza, na nje mji wa Mombasa unaokwenda zake sokoni.

Wengi hucheka wakisema bendera ile ilikuwa pambo tu. Hapo ndipo elimu ya bendera inapopata kazi, kwa sababu pambo lile liligeuka kuwa hoja ya kisheria. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, wapo watu wa pwani waliodai kwamba Mwambao haukuwahi kuwa sehemu ya koloni la Kenya, na ushahidi wao ulikuwa juu ya ngome pale, kila mwenye macho aliuona. Uingereza ikamtuma James Robertson kuchunguza mwaka 1961, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakabadilishana ahadi: Sultani aachie dai lake, Kenya ilinde mahakama za kadhi na hati za ardhi za watu wa pwani. Bendera nyekundu ikashuka. Lakini ukiwasikia wale waliokuja kusema “Pwani si Kenya” miongo kadhaa baadaye, unasikia pia mwangwi wa mlingoti ule. Na mahakama za kadhi zilizomo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zina ukoo unaofika hadi kwenye barua zile za mwaka 1963. Kitambaa kilichodhaniwa hakina nguvu kilisaidia kununua kifungu cha katiba.

Zanzibar yenyewe haikukaa na nyekundu muda mrefu baada ya hapo. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 uliongeza duara la kijani lenye karafuu mbili katikati ya ile nyekundu, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaiondoa baada ya takriban mwezi mmoja. Oman, ambako nyekundu ile ina mizizi, nayo iliiacha nyekundu tupu mwaka 1970 alipoingia Sultani Qaboos. Tangu mwaka 2005 Zanzibar ina bendera yake tena, bluu, nyeusi na kijani kwa mistari ya mlalo, na bendera ya Muungano imewekwa pembeni juu, upande wa mlingoti. Kona hiyo ndiyo mahali pa heshima katika bendera yoyote. Mtu anayetaka kujua Muungano unajifikiriaje anaweza kusoma hotuba mia, au anaweza kuangalia kona hiyo na kujiuliza ilikuwaje ikawekwa huko.

Hadi hapa nimezungumzia masultani, makampuni na mawaziri wakuu. Nisingependa msomaji adhani bendera zililetwa na wao tu. Kwenye mizimu ya Unguja, Pemba na Mrima, vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vimefungwa mitini kwa nadhiri na maombi tangu zamani, na watu huviita bendera bila kuona taabu. Maulidi ya Lamu yana bendera zake za zefe. Ngoma ya beni, aliyoiandikia kitabu mwanahistoria Terence Ranger mwaka 1975, ilichukua magwaride ya wazungu, sare zao na vyeo vyao, ikayatia katika mashindano ya mitaa. Makundi ya Arinoti na Marini yakaenea Tanganyika kiasi cha kuwatia maofisa wa kikoloni wasiwasi, wasijue wacheke au wapige marufuku. Mtaalamu anayetazama bendera ya taifa tu, akapita mzimuni na kwenye ngoma bila kusimama, amechagua mwenyewe kutoona.

Vibendera vya kamba ni mfano mwingine wa kitu kilichodharauliwa. Huvutwa kutoka nguzo hadi nguzo wakati wa sherehe za taifa, za harusi, za uchaguzi, za ufunguzi wa duka la simu. Havipandishwi wala havishushwi kwa saluti. Hutundikwa na kijana juu ya ngazi, na huachwa hapo mpaka jua na mvua vivimalize. Kwa sababu hiyo hiyo ni ushahidi mzuri. Bendera rasmi inatuambia serikali inataka nini, lakini mtaa wenye vibendera vya kijani na njano vya CCM upande mmoja na vya chama kingine upande wa pili unatuambia mpaka uko wapi, nyumba kwa nyumba. Kanga nazo zimebeba sura ya Mwalimu Nyerere na Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru na Alexander Nyirenda. Bangili za shanga za bendera ya Kenya zimekaa kwenye mikono ya mawaziri na ya makondakta vilevile. Na vijana walioandamana Nairobi mwezi Juni 2024 walibeba bendera ya taifa, wengine wamejifunga mabegani, bila rangi ya chama chochote. Katika nchi ambayo maandamano yake yalizoea kuwa na rangi za vyama, hilo lilikuwa jambo la kusimama na kulitazama.

Kusimama kwenyewe ni somo. Tanzania, anayepita karibu na kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni, filimbi ikilia, husimama. Muuza machungwa husimama na ungo wake, mwendesha bodaboda huzima pikipiki. Hakuna anayesoma rangi wakati huo. Miguu imefundishwa, na mtafiti ana haki ya kuuliza ilifundishwa na nani, lini, na kwa nini mitaa mingine inasahau.

Neno kidogo juu ya namna ya kufanya kazi, maana mwanafunzi mpya huanguka mahali palepale. Usiziamini picha za kale kuhusu rangi. Sahani za picha za karne ya 19 hazikuhisi wekundu, kwa hiyo bendera nyekundu ya Zanzibar hutokea nyeusi kama makaa, na bluu iliyokolea hutokea karibu nyeupe. Ni rahisi kuandika kwa kujiamini juu ya “bendera nyeusi” ambazo hazikuwahi kuwapo. Kitambaa chenyewe nacho hudanganya, kwani jua na chumvi ya pwani hula rangi, na upande unaopepea huchanika kabla ya upande wa mlingoti, hivyo bendera iliyokatwa na kushonwa upya pembezoni huwa fupi kuliko sheria inavyotaka. Mtafute fundi cherehani aliyeishona. Muulize alipewa kipimo na nani, na kitambaa cha dhahabu kilipokosekana dukani alitumia nini. Sheria za bendera nazo zisomwe, hasa sehemu za adhabu, kwa kuwa zinaorodhesha kwa uaminifu yale ambayo watu wamekuwa wakiyafanya.

Nimalizie na bahari, kwa kuwa ndiko bendera inakokuwa kitu cha kula na kunywa. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilisimamisha majahazi katika Bahari ya Hindi kutafuta watumwa. Ufaransa ilikataa kabisa meli zenye bendera yake zipekuliwe. Manahodha, hasa wa Sur huko Oman, walilielewa jambo hilo upesi kuliko wanadiplomasia: wakatafuta hati za Kifaransa, wakapandisha bendera ya Ufaransa, na manowari ikawapita. Wapo waliobeba watumwa chini ya kitambaa hicho, na wapo waliobeba tende na boriti tu na hawakutaka kuchelewa. Ugomvi ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo Agosti 1905 iliamua kwamba kuanzia tarehe 2 Januari 1892, siku Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa ulipoidhinishwa na Ufaransa, Wafaransa hawakuwa na haki ya kugawa bendera yao kwa raia wa Muscat, isipokuwa kwa wale wachache waliokuwa chini ya ulinzi wao tangu kabla ya mwaka 1863. Waliokwisha kupewa wangeendelea nayo, lakini hati isingehama kwenda kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine. Soma kipengele hicho cha mwisho mara mbili: mahakimu wa The Hague walikuwa wamejua kwamba bendera ilikuwa ikiuzwa na kurithishwa kama chombo chenyewe.

Biashara hiyo haijafa, imegeuza mwelekeo. Mwaka 2012 iligundulika kwamba zaidi ya meli 30 za mafuta za Iran, zikikimbia vikwazo, zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyeko Dubai aliyefanya kazi kwa niaba ya mamlaka ya usafiri wa baharini ya Zanzibar. Usajili wa meli hizo ukafutwa. Januari 2018, baada ya meli nyingine zenye bendera hiyo kukamatwa ng'ambo na shehena haramu, Rais Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usitishwe. Meli nyingi kati ya hizo huenda hazijawahi kutia nanga Malindi wala Kurasini, na mabaharia wake hawajui kijani ni uoto wala bluu ni maji. Daftari la usajili wa meli ni hati ya bendera sawa na kitambaa chochote kilichomo makumbusho, na kwa sasa halina mwanafunzi anayelisoma kwa macho ya taaluma hii. Anayetafuta mada ya tasnifu na asiyeogopa ofisi za bandari aanzie huko.